Pointi 34 kwa mechi: je, binti huyu anaweza kufika iniversite ya Marekani?

Mama alifika kwenye biro yetu asubuhi, siku ya kazi, ametoka Likasi na basi ya kwanza. Binti yake alikuwa nyuma yake, na ndani ya sakoshi kulikuwa na daftari. Kumbe haikuwa daftari. Zilikuwa karatasi za mshahara za bwana yake, zile kompanyi inatoa kila mwisho wa mwezi, zimeshonwa na uzi. Nyuma ya kila karatasi baba ameandika kwa biki: tarehe, jina la masomo waliyocheza nayo, na pointi za mtoto. 31. 28. 40. 36. Baba anafanya kazi ya shimo, kwa zamu. Mechi tatu tu ndizo alikosa, na pale alipokosa ameandika: "poste ya usiku".

"Bandugu ba gazeti," Mama alisema, "mutoto wangu anafunga pointi makumi tatu na ine kila mechi. Kuko mutu anasema atamutuma ku Amerika, ku iniversite, acheze basketi na asome bure. Anaomba dola mia nane ya dosie. Bwana yangu anataka kukopa ku kazi. Mutuambie: anaweza kufika, ao hapana?"

Binti ana miaka 16, urefu wake kama mita 1 na 80. Wakati wote mama anasema, yeye aliangalia viatu vyake.

Sisi si maantrenere. Tulimwomba Mama atuachie siku chache, na yule mtu asipewe hata faranga moja mpaka turudi kwake. Tukaenda kuuliza watu waliofundisha wasichana mpira huu hapa Lubumbashi, tukasoma namna kule Marekani wanavyopima mtoto anayetoka masomo madogo. Tunayaandika hapa kwa wote, juu tunajua Mama huyu si peke yake. Katika miji yetu ya migodi kuko baba wengi wenye daftari kama hili.

Tuanze na mawe, juu mawe mnayajua kuliko sisi. Kreseri anafika ku depo na gunia kumi. Mzani unasema kilo ngapi. Lakini hakuna mtu analipwa kwa kilo tu: wanaingiza Metorex, wanatafuta teneri. Gunia mbili zenye uzito mmoja, moja inaweza kuwa na shaba mara tano kuliko nyingine. (Kama ile mashine inasema kweli kila mara, hiyo ni kesi nyingine, tutairudilia siku yake.) Basi pointi 34 ni kilo. Antrenere wa iniversite anapopata barua yenye kusema "msichana huyu anafunga 34", swali lake la kwanza si kama ni kweli. Anauliza: amefunga mbele ya nani?

Kule Marekani kuna masomo ya sekondari yenye wanafunzi elfu tatu, na kuna mengine ya kijijini ambayo sekondari nzima haijazi hata mabasi mawili. Katika haya madogo timu ya wasichana ni wale wote waliokubali kucheza. Ukiwa na msichana mmoja wa mita 1 na 88, na timu zote za jirani hazina mtu wa kupita mita 1 na 75, kazi ni rahisi: unamweka chini ya kikapu, unamtupia mpira juu, anageuka, anaweka. Pointi 30 zinakuja zenyewe. Na maantrenere wa iniversite wanapata majina ya namna hii kwa mamia kila mwaka.

Nafasi ni chache. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya iniversite kule, imegawa timu katika divizio tatu. Ya kwanza ina timu za wanawake kupita 350, na timu moja haina wachezaji zaidi ya 15 ao karibu. Kwa hesabu ya NCAA yenyewe, katika wasichana 100 wanaocheza basketi ku sekondari, kama 4 tu wanafika kucheza katika divizio yoyote, na katika ya kwanza ni kama 1. Hao ni watoto wa Marekani wenyewe, wenye sali nzuri, wenye antrenere wa kulipwa, wenye kula mara tatu.

Lakini kuko wanaofika. Tuwaambie juu ya mmoja, juu historia yake inafundisha kuliko maneno yetu.

Port Wing ni kijiji cha watu mia chache katika jimbo la Wisconsin, pembeni ya ziwa kubwa linaloitwa Supérieur. Zamani walichonga mawe ya kujengea pale, leo ni mahali pa msitu, samaki na theluji. Masomo yao, South Shore, ni katika madogo kabisa ya jimbo. Megan Gustafson alisoma pale. Alimaliza mwaka 2015 akiwa na pointi 3,229, nyingi kuliko msichana yeyote wa Wisconsin mbele yake. Kilo zilikuwa nyingi sana. Sasa jiweke pahali pa antrenere: ni msichana wa mita 1 na 91 aliyecheza na watoto wa vijiji vya jirani. Ni shaba, ao ni udongo mwekundu?

Iniversite ya Iowa ilimchukua. Na hapa kuna kitu kimoja ambacho sisi tunaona si bahati tu. Mwalimu wa wachezaji wa chini ya kikapu pale Iowa aliitwa Jan Jensen. Jensen mwenyewe ametoka masomo madogo, Elk Horn-Kimballton, vijijini kwa Iowa. Alipomaliza sekondari mwaka 1987, alikuwa anafunga pointi 66 kwa mechi. Ndiyo, mmesoma vizuri: sitini na sita. Siku moja alifika 105.

Namna gani? Wakati ule wasichana wa Iowa walicheza basketi ya watu sita. Watatu wanakaa upande mmoja kufunga tu, watatu upande mwingine kuzuia tu, hakuna mwenye kuvuka mstari wa katikati, na mwenye mpira anadunda mara mbili tu kisha atoe ao arushe. Jensen alikuwa mfungaji, basi maisha yake yote ya sekondari hakuzuia mtu. Mchezo ule uliisha kabisa Iowa mwaka 1993. Yeye alikuwa ameshaingia iniversite ya Drake, kwenye basketi ya watu tano, kujifunza kukimbia uwanja mzima na kuzuia. Alipofika mwaka wake wa mwisho, 1991, aliongoza divizio ya kwanza ya Marekani yote kwa pointi 29.6 kwa mechi.

Mtu wa namna hii hawezi kudanganywa na pointi nyingi, na tena hawezi kuzitupa. Anajua kwamba 66 inaweza kuwa uongo wa mchezo, na anajua kwamba nyuma ya 66 kunaweza kuwa mkono wa kweli. Kazi yote ya kupima iko pale katikati.

Gustafson alikaa Iowa miaka mine. Mwaka wa kwanza hakuwa jina la kujulikana katika inchi. Mwaka wa tatu alifunga 25.7 kwa mechi, wa kwanza katika divizio yote. Mwaka wa ine alifika 27.8, akapita pointi 1,000 katika msimu mmoja, kitu ambacho wanawake wachache sana wamekifanya, na mwaka 2019 akapewa tuzo la mchezaji bora wa iniversite zote. Iowa ilifika kati ya timu nane za mwisho za inchi. Alitoka pale na pointi 2,804 na mipira 1,460 aliyookota chini ya kikapu. Basi mawe ya Port Wing yalikuwa na shaba.

Sasa, wale wenye kupima wanaangalia nini, kama hawaangalii pointi?

Tulizungumza na mama mmoja aliyefundisha wasichana hapa kwetu miaka mingi. Alitucheka kidogo. "Munaangalia mupira," alisema. "Muangalie miguu." Na tulipoenda kusoma, tuliona kule Marekani wanasema vilevile.

Miguu kwanza. Mtoto akikosa, anarudi kuzuia mbio ao anatembea akiangalia juu? Akizuia, anasogea kwa miguu ao ananyosha mikono tu? Hili ni jambo kubwa kwa masomo madogo. Timu ikiwa na nyota mmoja, antrenere wake anamwambia: usifanye faulo, ukitoka tumekufa. Basi mtoto anajifunza kujificha wakati wa kuzuia. Anasimama katikati, anaacha wengine wapigane. Mchezo unaisha ana pointi 34, na hajazuia mtu hata mmoja. Ku iniversite, mwaka wa kwanza, hakuna mwenye kumfichia. Wapinzani watamtafuta yeye, kila mpira.

Mikono ni ya pili. Si kurusha: ni kupokea. Mpira unakuja vibaya, chini, kwa nguvu, na mtu amemshika mgongoni. Anaukamata ao unamtoka? Anamaliza na mkono wa kushoto sawa na wa kuume? Wakati anapandilia, anaanza kwa kushusha mpira mpaka kiunoni? Mbele ya wasichana wadogo haina shida. Mbele ya wakubwa, ule mpira ulioshuka umeshanyang'anywa.

Ya tatu ni kitu wanachofanya wakizungukwa. Mtoto wa masomo madogo anazuiwa na wawili, mara zingine watatu. Hapo hata pointi 12 zinaweza kusema mengi kuliko 40. Anaona mwenzake aliye peke yake? Anampa mpira, hata akijua yule atakosa? Na yule akikosa, uso wake unakuwaje? Maantrenere wengi wanakaa makusudi upande wa benchi, wanaangalia mtoto anavyosema na wenzake, anavyomjibu mama yake mechi ikiisha. Watakaa na mtoto huyu miaka mine.

Kisha wanatafuta mahali pa kumwona na wenye nguvu sawa. Kule kuna timu za klabu zinazokusanya wasichana wa miji na vijiji mbalimbali, wanacheza turnua kubwa wakati masomo yamefunga, na maantrenere wa iniversite wanakaa pale siku nzima, mechi kwa mechi. Mtoto wa kijijini akishuka toka 34 mpaka 9 pale, si aibu. Wanaangalia mechi ya tatu, ya ine. Amegundua kwamba hawezi kupita juu, ameanza kupita pembeni? Ao bado anapiga kichwa kwenye ukuta uleule? Mtoto anayejifunza katika siku tatu, huyo wanaandika jina.

Na kuna namba moja ambayo wanaiamini hata ikitoka masomo madogo kabisa: mitupo ya faulo. Fikirieni. Mstari ni uleule, kikapu ni kilekile, mita 3.05 toka chini, Likasi ao Iowa. Hakuna mwenye kukuzuia, mrefu ao mfupi. Mtoto anayefunga pointi 34 na anakosa nusu ya mitupo ya faulo ni mtoto anayefunga juu wenzake ni wafupi. Mtoto anayeingiza nane kwa kumi ana mkono, na mkono unasafiri. Tulipoangalia karatasi za baba, kila kitu kilikuwa pale, tarehe, masomo, pointi. Mitupo ya faulo hakuandika hata mara moja.

Jambo lingine ambalo wazazi hawalipendi kulisikia: mtoto mrefu wa kwetu si mrefu wa kule. Binti wa mita 1 na 80 hapa anacheza chini ya kikapu, juu hakuna mwingine. Ku divizio ya kwanza, chini ya kikapu kuna wa 1 na 90. Huyu wetu atapelekwa nje, pembeni. Pale anaombwa kudunda mpira mbele ya mtu mwenye mbio, na kurusha kutoka mstari wa pointi tatu, ambao tangu msimu wa 2021-2022 wanawake wa iniversite wanaurusha kutoka mita 6.75. Basi swali halikuwa kama binti huyu ni mzuri chini ya kikapu. Swali ni kama anaweza kufanya kazi ambayo hakuna mtu amemwomba kuifanya mpaka leo. Wenye kupima wanapenda mtoto aliyecheza pahali pengi, hata vibaya, kuliko mwenye kusimama pahali pamoja siku zote.

Mwili nao unapimwa, lakini wazazi waupime zaidi. Jackie Stiles alitoka Claflin, kijiji cha Kansas chenye watu mia chache. Mita 1 na 73 tu. Ku sekondari alifunga 3,603. Kilichowashangaza watu kilikuwa kazi yake: alijiwekea sheria asitoke uwanjani mpaka aingize mipira 1,000 kwa siku, na tena alikuwa anakimbia riadha na kushinda. Alichagua iniversite isiyo na jina kubwa, Southwest Missouri State, akaipeleka mwaka 2001 kati ya timu ine za mwisho. Pointi zake 3,393 zilikaa rekodi ya wanawake wa divizio ya kwanza mpaka 2017. Mwaka uleule wa 2001 alikuwa mchezaji mpya bora wa WNBA, ligi ya wanawake ya kulipwa. Na mwaka uliofuata ndio ulikuwa wa mwisho wake pale. Mwili ulikataa: upasuaji juu ya upasuaji. Wachimbaji wanaelewa maneno haya bila kuelezwa. Tunawaandikia wale baba wanaomwamsha mtoto saa kumi ya usiku akimbie: apumzike pia.

Turudi kwa dola mia nane.

Kwa sheria ya NCAA, mtu haruhusiwi kulipwa kwa kipimo cha burse anayomtafutia mchezaji. Mtu anayesema "mtanipa asilimia fulani burse ikitoka" anaweza kumharibia mtoto nafasi yenyewe. Kuandikishwa ku NCAA kuna malipo yake, ni kweli, lakini familia inafungua konti yenyewe kwenye intaneti, kwa jina la mtoto. Karatasi ya kuombea viza ya mwanafunzi, ile inaitwa I-20, inatolewa na iniversite yenyewe. Basi maswali ni mafupi: iniversite gani? Antrenere gani? Jina lake liko kwenye ukurasa wa iniversite ile, na barua yake inatoka kwa adresi ya iniversite ile? Tulimpigia yule bwana tukamwuliza. Alisema "ni siri ya dosie mpaka mlipe", na kwamba nafasi inafungwa siku ya tano. Siku ya tano imepita, na tunaambiwa nafasi ingali wazi.

Wazazi wajue tena kwamba mlango si mmoja. Divizio ya pili inatoa burse, mara nyingi vipande vipande. Divizio ya tatu haitoi burse ya mchezo kabisa, inatoa tu msaada wa masomo. Kuna chama kingine, NAIA, chenye iniversite ndogo ndogo. Kuna koleji za miaka miwili, ambapo mtoto asiye na jina anaweza kucheza, kujifunza Kingereza, kisha kuhamia ku iniversite. Kwa mtoto wa kwetu ambaye hakuna mtu amemwona, huo wa mwisho ni mlango wa kweli kuliko ule wa televizio. Lakini milango yote inaomba karatasi za masomo: bultini za miaka yote, diploma ya serikali, tafsiri zake, na mara nyingi mtihani wa Kingereza. Tulimwuliza Mama juu ya bultini za binti. Za mwaka wa tatu zimepotea walipohama. Hilo kwetu ni tatizo kubwa kuliko mkono wa kushoto.

Watu watatuambia: na Mutombo? Mutombo ni mfano, ndiyo, lakini msomeni vizuri. Dikembe Mutombo, aliyetuacha tarehe 30 Septemba 2024, alifika iniversite ya Georgetown mwaka 1987 kwa burse ya masomo, alitaka kuwa munganga. Mpira ulimkuta pale. Alitoka 1991 na diploma kwanza, ndipo NBA. Na Mwadi Mabika, mwana wa Kinshasa? Yeye hakupita iniversite hata moja. Alionekana na timu ya taifa ya wanawake, Zaïre ya wakati ule, waliotoka kushinda Afrika mwaka 1994 na kufika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Mwaka uliofuata alikuwa Los Angeles katika WNBA ilipoanza, na alishinda nayo 2001 na 2002. Alipimwa mbele ya wanawake wenye nguvu wa dunia, si kwa daftari. Kwa hiyo timu ya taifa ya vijana, hata timu ya provensi, ina maana kuliko vidiyo kumi za uwanja wa masomo.

Na hata ukifika, kupimwa hakuishi. Gustafson, mchezaji bora wa iniversite zote mwaka 2019, alichaguliwa wa 17 na timu ya Dallas ya WNBA. Kabla msimu haujaanza wakamtoa. Baada ya muda mfupi wakamwita tena. Ku Iowa alikuwa mtu wa chini ya kikapu, karibu harushi pointi tatu kabisa. Kwa WNBA alionekana mfupi kwa kazi ile, akajifunza kurusha toka mbali, na ndivyo alibaki. Amecheza Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 na timu ya Hispania.

Siku ya Mungu, baada ya misa, tulienda Likasi na yule mama antrenere. Uwanja ni wa beto, umepasuka upande mmoja, ringi hazina wavu. Baba alikuwepo, ametoka poste ya usiku, macho mekundu, lakini shati imepigwa pasi. Binti alicheza nusu saa na wavulana wa kartie. Hatutasema uongo: kukimbia anakimbia, na alipozungukwa mara mbili alitoa mpira mzuri bila kuangalia. Mkono wa kushoto hana. Kuzuia, alijificha, kama tulivyoandika juu.

Kisha antrenere akamwomba mitupo ya faulo hamsini. Aliingiza 27.

Antrenere hakusema kitu. Alikuwa anaangalia ringi. "Baba," aliuliza, "kuko mètre hapa?" Baba anafanya kazi na mètre kila siku. Akaleta, akapanda juu ya bega la kijana, akapima toka ringi mpaka chini. Akapima tena. Mita 2.93. Wavulana wameining'inia miaka mingi, imeshuka sentimita 12, na pointi zote za nyumbani zilizoandikwa nyuma ya zile karatasi za mshahara ziliingia kwenye ringi ile.

Baba alibaki juu ya bega la yule kijana kwa kitambo. Alipoteremka alisema tu: "Tutaiinua."

Mama alituuliza tena, ao hapana? Tukamjibu vile antrenere alivyotuambia: leo, divizio ya kwanza, hapana. Koleji ya miaka miwili, inaweza, kama mkono unakuja, kama anatoka chini ya kikapu na kujifunza kucheza nje, kama zile bultini zinapatikana. Ana miaka miwili mbele ya diploma. Dola mia nane zibaki nyumbani, ao zinunue viatu na mwalimu wa Kingereza. Binti, ambaye hakutuambia neno tangu biro, aliuliza: "Ule wa Port Wing, alianza na miaka ngapi kurusha na kushoto?" Hatukuwa na jibu.

Juzi Mama alitutumia ujumbe ku telefone. Baba na wenzake wawili wa atelie walishona chuma mupya, ringi imepandishwa. Chini ya maneno aliweka picha ya karatasi ya mshahara ya mwezi huu, upande wa nyuma, mwandiko wa baba:

"Ringi 3.05. Mitupo 50. Imeingia 19."